Kafi la SUP: Shubiri moja juu ya kichwa, bega lipone

Mtu akisimama juu ya ubao wa SUP kwa mara ya kwanza, hofu yote iko miguuni: ataanguka au hataanguka? Lakini akirudi nchi kavu, mara nyingi kinachouma si mguu. Ni bega.

Na mara nyingi chanzo ni kitu ambacho hakuna aliyekiangalia kabla ya kuingia majini: urefu wa kafi.

Mchezo huu wa kusimama juu ya ubao mpana na kujisukuma kwa kafi lenye mpini mrefu unaonekana sana siku hizi kwenye fukwe za Paje na Jambiani kule Zanzibar, Diani na Watamu nchini Kenya, hadi Jinja, Uganda, pale Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Wengi wanaoujaribu hawana vifaa vyao. Wanakodi ubao kwa saa moja, wanapewa kafi lililotumiwa na mteja aliyetangulia, wanaondoka nalo hivyo hivyo.

Hapo ndipo shida inapoanzia.

Kwa ufupi

- Kwa maji tulivu, kafi lizidi urefu wako kwa sentimita 20 hivi, sawa na shubiri moja ya mkono wako.
- Kwa mawimbi, punguza. Kwa mbio na safari ndefu, unaweza kuongeza kidogo.
- Namba ni mwanzo tu. Jaribio la mwisho linafanyika majini.

Kafi moja, watu wawili

Chukua mfano wa kaka mwenye urefu wa sentimita 183 na dada yake mwenye sentimita 158. Kaka anahitaji kafi la karibu sentimita 203. Dada anahitaji la karibu 178. Tofauti yao ni sentimita 25, karibu urefu wa rula ya mwanafunzi.

Sasa kaka amemaliza zamu yake, dada anapokea kafi bila kulirekebisha. Kishikio cha juu kinampita kichwa kwa sentimita 45. Kila anapolizamisha, mkono wa juu unapanda juu ya utosi wake, kama mtu anayepaka rangi dari.

Mara moja si tatizo. Lakini fanya hesabu: mtu akipiga kafi mara 30 kwa dakika, mwendo wa polepole tu, kwa saa moja amepiga mara 1,800. Bega linaloinuliwa mara 1,800 likiwa na mzigo haliwezi kunyamaza. Kano zinazoshikilia kiungo cha bega hubanwa mkono unapofanya kazi ukiwa juu ya kichwa, na huo ndio mchomo unaosikika usiku ukijigeuza kitandani.

Kafi fupi mno nalo lina adhabu yake. Ili bapa, yaani ile sehemu pana ya chini, lifike majini, mtu analazimika kuinama kila mara. Hapo bega linapona, lakini kiuno kinalipa.

Kafi si pondo

Watu wa pwani wamesimama juu ya vyombo miaka na miaka. Mvuvi kwenye maji mafupi husimama kwenye mtumbwi na kuusukuma kwa pondo. Kwa hiyo wengi wakiona ubao wa SUP wanadhani ni jambo lile lile: mti mrefu, kazi rahisi.

Si lile lile. Pondo linasukuma chini, kwenye mchanga, kwa hiyo urefu wake unafuata kina cha maji. Kafi halina haja ya kugusa chini. Linashika maji tu, halafu ubao unateleza kuelekea pale lilipochomekwa. Kwa hiyo urefu wa kafi unafuata mwili wa anayelishika. Maji yawe mita 1 au mita 20, kafi la mtu huyo ni lile lile.

Na lile kafi la mtumbwi au ngalawa? Hilo ni fupi kwa sababu anayelitumia ameketi. Akisimama nalo atabaki anachota hewa.

Hata huko Hawaii, ambako mchezo huu ulianzia, hali ilikuwa hiyo hiyo. Katikati ya karne ya 20, vijana waliokuwa wakifundisha watalii kuteleza kwenye mawimbi pale Waikiki walisimama juu ya mbao zao wakitumia makafi ya mitumbwi. Miaka ya 1990, Laird Hamilton na Dave Kalama, wanamichezo wa mawimbi wa kisiwa cha Maui, walikuwa miongoni mwa walioufufua mtindo huo, na makafi marefu ya kusimamia yakaanza kutengenezwa.

Kanuni ya shubiri

Kanuni ya zamani, ambayo bado inatajwa sana, inasema kafi lizidi urefu wa mtu kwa inchi 8 hadi 10. Hiyo ni kama sentimita 20 hadi 25. Kadiri mchezo ulivyokua, wengi wamerudi upande wa chini wa kipimo hicho, hasa wanaoteleza kwenye mawimbi.

Huna tepu ya kupimia? Mkono wako unatosha. Shubiri, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho vikiwa vimetanuliwa, kwa mtu mzima ni karibu sentimita 20. Simamisha kafi wima mbele yako, bapa likiwa chini. Weka kidole cha mwisho usawa wa utosi, panda juu kwa shubiri moja. Kishikio kiwe hapo.

Uzuri wa shubiri ni kwamba inakua na mwenyewe. Mtu mrefu kwa kawaida ana shubiri ndefu, mtoto ana yake ndogo.

Kuna njia nyingine inayofundishwa ufukweni: unainua mkono juu, na kishikio kinatakiwa kifike kwenye kifundo cha mkono. Inasaidia, ila ina mtego. Mkono ukinyooshwa kabisa, kipimo hicho huwa kirefu kupita kiasi kwa watu wengi. Ukiitumia, acha kiwiko kilegee kidogo.

Namba za haraka

Kwa maji tulivu, kwenye ghuba, mkono wa bahari au ziwa:

- Urefu wa sentimita 150: kafi la 170
- Urefu wa sentimita 160: kafi la 180
- Urefu wa sentimita 170: kafi la 190
- Urefu wa sentimita 180: kafi la 200
- Urefu wa sentimita 190: kafi la 210

Anayejua urefu wake kwa futi tu anaweza kubadilisha: futi 5 ni kama sentimita 152, futi 5 na inchi 6 ni kama 168, na futi 6 ni kama 183.

Unakwenda kufanya nini?

Mtu yule yule anaweza kuhitaji urefu tofauti kwa siku tofauti.

*Matembezi ya kawaida.* Ongeza sentimita 20. Unasimama karibu wima, unapiga kafi taratibu, hakuna haraka.

*Mawimbi.* Ongeza sentimita 10 hadi 15 tu. Kwenye wimbi magoti yanakunjwa, mwili unashuka, na kafi linahamishwa haraka kutoka kulia kwenda kushoto. Kafi refu hapo linakuwa kama kubeba bomba la maji ndani ya daladala.

*Mbio na safari ndefu.* Sentimita 20 hadi 25. Mpigaji anafika mbali mbele kwa kila pigo, na sentimita chache zaidi zinamsaidia. Lakini wapo wanaopenda mapigo mafupi ya haraka, na hao hubaki na kafi fupi kidogo. Mwenye bega linalosumbua anashauriwa kuanzia chini, si juu.

Ubao nao una neno

Kuna kitu ambacho kanuni ya shubiri haikioni: unasimama juu kiasi gani kutoka usawa wa maji?

Mbao nyingi za kujaza upepo, zile zinazobebwa kwenye begi kubwa la mgongoni, zina unene wa sentimita 15 hivi. Mbao ngumu mara nyingi ni nyembamba zaidi. Kwa hiyo anayesimama juu ya ubao wa upepo yuko juu kidogo, na kafi lake linahitaji kushuka zaidi kabla ya kufika majini.

Uzito nao unaingia. Mtu mwepesi juu ya ubao mkubwa anaelea juu. Mtu mzito juu ya ubao huo huo anauzamisha kidogo. Ndiyo maana watu wawili wenye urefu sawa wanaweza kutofautiana kwa sentimita 2 hadi 5, na wote wakawa sahihi.

Jaribio la majini

Ukishapanga urefu ufukweni, nenda kwenye maji yanayofika magotini au kiunoni, simama juu ya ubao, kisha fanya haya:

1. Mkono mmoja uwe juu ya kishikio, mwingine katikati ya mpini. Kujua nafasi nzuri kati ya mikono, weka kafi juu ya kichwa kwa mlalo. Viwiko vikikunjika kama kona ya mraba, hiyo ndiyo nafasi yako.
2. Chomeka bapa mbele, karibu na ubao, mpaka lizame lote.
3. Simama hapo hapo. Angalia mkono wa juu uko wapi.

Bapa likiwa limezama lote na mkono wa juu ukawa kati ya kidevu na paji la uso, umepata. Mkono ukiwa juu ya utosi, punguza. Ukijikuta umeinama ili bapa lizame, ongeza.

Rekebisha kwa sentimita 2 au 3 kwa wakati mmoja, si kwa kukisia. Ukipata namba yako, iandike kwenye simu. Safari ijayo, ufukwe wowote, unaanzia hapo.

Dalili kwamba kafi limekukataa

*Ni refu mno kama:*

- mabega yanapanda kuelekea masikioni kila unapopiga;
- bapa linazama mpaka mpini nao unaingia majini;
- kubadilisha upande kunachukua muda na kunakuyumbisha.

*Ni fupi mno kama:*

- kiuno kinachoka kabla ya mikono;
- nusu ya bapa iko nje ya maji na linarusha maji ovyo;
- unajikuta unaangalia vidole vya miguu badala ya mbele.

Kabla ya kulaumu urefu, hakikisha pia kafi halijageuzwa. Bapa la SUP limepinda kidogo, na mpindo huo unatakiwa uelekee mbele, upande wa pua ya ubao. Wanaoanza wengi hulishika kinyume, kwa sababu linaonekana kama kijiko na akili inasema chota. Likigeuzwa hivyo, linainua maji badala ya kuyasukuma, na mtu anachoka bure.

Ukikodi: sekunde 30 tu

Makafi mengi ya kukodi ni yale ya kurefusha na kufupisha. Yana kibano kwenye mpini, na mengi yana namba za sentimita zilizoandikwa. Fungua kibano, vuta au sukuma, hakikisha kishikio kimelingana na bapa, funga. Basi.

Mambo matatu ya kuangalia kabla ya kuondoka:

- *Kibano kinashika?* Simamisha kafi, bonyeza kishikio kwa nguvu. Kikishuka, omba jingine. Kafi linalojifupisha lenyewe katikati ya maji linakuangusha.
- *Mchanga.* Ukisikia linakwaruza ndani, limeingia mchanga na linaweza kukwama. Lisuuzwe kwanza.
- *Kishikio kimenyooka?* Kikiwa kimezunguka, bapa litaingia majini kwa upande.

Usione haya kuomba. Vijana wanaokodisha ufukweni wanalijua hili, ila foleni ikiwa ndefu hakuna anayekumbuka kupima kila mtu. Kusema tu, "Kaka, nisaidie kushusha hili kafi kidogo," kunatosha.

Watoto wapewe lao

Hapa ndipo familia nyingi zinapokosea. Makafi mengi ya watu wazima huanzia karibu sentimita 170. Mtoto mwenye urefu wa sentimita 120 anahitaji kafi la 135 hivi. Hata ukilifupisha la mtu mzima mpaka mwisho, bado linampita kichwa kwa sentimita 50.

Matokeo yake, mtoto anashika katikati ya mpini, sehemu ya juu inamgonga uso au inampiga aliye jirani, na baada ya dakika 10 hataki tena.

Kama hakuna kafi la mtoto, ni afadhali apige magoti mbele ya mtu mzima kwenye ubao mmoja, aangalie samaki, na mtu mzima ndiye apige kafi. Jaketi la kujiokolea lake liwe la saizi yake pia.

Ukitaka kununua

Kwa anayeanza, kafi la kurefusha na kufupisha ndilo lenye akili. Linatumika na watu kadhaa nyumbani, na linakuruhusu kujua kipimo chako bila kujifunga. Yale ya vipande vitatu yanaingia kwenye begi, kwa hiyo hata kwenye basi au boti la kwenda kisiwani hayasumbui.

Kafi la kipande kimoja ni jepesi zaidi na halina kibano cha kuharibika. Lakini mara nyingi linauzwa likiwa refu, linakatwa kwa msumeno kufuata mnunuzi, kisha kishikio kinabandikwa kwa gundi ya moto. Ukishakata, hakuna kurudisha. Ndiyo maana ni vizuri kutumia la kurefusha na kufupisha kwa miezi kadhaa, kuijua namba yako, ndipo ukate.

Kuhusu vifaa: aluminiamu ni ya bei nafuu lakini nzito. Faibaglasi iko katikati. Kaboni ni nyepesi kuliko zote na bei yake inauma. Kumbuka yale mapigo 1,800 kwa saa: kila gramu unainyanyua mara 1,800. Hata hivyo, kafi la aluminiamu la urefu sahihi ni bora kuliko la kaboni lisilokufaa.

Baada ya maji ya chumvi, lifungue lote, lisuuze kwa maji ya bomba, likauke kabla ya kuliunga tena. Chumvi na mchanga ndivyo vinavyoua kibano.

Upepo ukigeuka

Urefu wa kafi si suala la maumivu tu. Ni suala la kurudi.

Pwani ya Afrika Mashariki ina misimu miwili mikubwa ya upepo. Kaskazi huvuma hasa kati ya Desemba na Machi, na kusi huchukua nafasi katikati ya mwaka. Ndizo pepo zinazowaleta watu wa kaiti Paje. Kwa mtu wa SUP, ni habari nyingine. Mwili uliosimama ni kama tanga: upepo unausukuma utake usitake.

Asubuhi maji yanaweza kuwa kama kioo, na saa chache baadaye upepo ukaamka. Pia maji yanapokupwa, hutoka kwa nguvu kupitia milango ya mwamba wa matumbawe na kuelekea bahari kuu. Mtu aliyechoka bega kwa sababu ya kafi refu anakutana na mambo hayo mawili akiwa hana akiba ya nguvu.

Ikitokea hivyo, usishindane nao ukiwa umesimama. Piga magoti, mwili ushuke, upepo upate pa kupita. Shika kafi chini zaidi kwenye mpini, au lifupishe kabisa kama lina kibano, kisha piga mapigo mafupi ya haraka. Na hata mambo yakiwa magumu vipi, usiuache ubao. Unaelea, na unaonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu.

Kamba ya mguuni iwe imefungwa, jaketi liwe mwilini, na mtu ufukweni ajue umeelekea wapi. Ulizia saa za maji kujaa na kupwa kwa wavuvi wa pale pale. Hao wanajua.

Kisha, kabla ya kusukuma ubao, simamisha kafi mbele yako. Shubiri moja juu ya kichwa. Kama limezidi, lishushe hapo hapo ufukweni, mchanga ukiwa bado chini ya miguu.